Mshale Usioona Mawe

Waya wa kizimba ulikatika kwa mlio kama wa bunduki, na kabla Mrefu hajaruka pembeni ukawa umeshampitia mguuni. Alianguka chali ndani ya boti. Shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa limefunguka hadi mfupa unaonekana.

"Wifi, washa injini! Washa turudi!" Mkewe alipiga kelele huku akipiga magoti kwenye maji ya mvua. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na jina la Mwalimu lilimganda hata siku za likizo.

Fundi, dada mkubwa wa Mrefu, alikuwa ameshavuta kamba ya injini. Walitoka kufunga vizuri vizimba vyao vya samaki kabla ya dhoruba, dhoruba ikawawahi. Sasa hakuna aliyegeuka kutazama samaki.

Mwalimu alifungua mkanda wa mumewe, akaukaza juu ya goti kwa nguvu zake zote.

"Saa ngapi?" Fundi aliuliza.

"Nne na robo."

"Usiisahau. Hospitali watakuuliza."

Mvua ikashuka nzito, na nchi kavu iliyokuwa inaonekana asubuhi, mabati yake na minara yake, ikafutika yote. Hawakujua tena mbele ni wapi.

"Toa kile kidude," Fundi alisema.

Kidude chenyewe walikuwa wamekinunua siku mbili kabla. Dukani kulikuwa na GPS za mkononi za aina mbili. Moja ilikuwa na kioo kipana cha kugusa na ramani ya maji, kila mwamba umechorwa. Nyingine ilikuwa ya vitufe, inaelea, inatumia betri za tochi, lakini haina ramani: mshale na namba, basi. Mwalimu aliitaka ya ramani.

"Kidole kikilowa, hicho kioo hakikusikii," Fundi alimcheka. "Na chaji ikiisha utachomeka wapi, wifi, kwa samaki?"

Alisema kweli. Wakachukua ya vitufe. Muuza duka akaanza kuwaonyesha, akabonyeza pale pale kaunta, likaandikika neno Nyumbani. "Huu ni mfano tu. Sasa mkifika gatini mtaifuta hii, halafu mta..."

"Nimeelewa," Fundi alimkatiza.

"Kuuliza si ujinga, wifi," Mwalimu alimnong'oneza.

"Nafungua injini tangu wewe hujui kushika kalamu."

Ndivyo kijitabu cha maelezo kilivyobaki kaunta. Ujuzi una ubaya wake: ukimzoea mtu, humtia aibu ya kuwa mwanafunzi.

Mwalimu alibonyeza Nyumbani. Mshale ukatokea, na kilomita kumi na moja. Wote wawili walishusha pumzi, wakaufuata. Fundi alishika usukani wa injini, Mwalimu akakumba maji kwa kidumu kilichokatwa mdomo. Mawimbi yaliwarusha, na kila boti ilipotua Mrefu aliguna.

"Maji," alisema.

Chupa ilikuwa moja. Mwalimu alimpa funda moja, akaifunga. Midomo ya mumewe ilikuwa imepauka, na meno yalikuwa yakigongana.

Kilomita tano. Tatu. Mbili. Ndipo Fundi aliposikia mngurumo mbele, na povu jeupe likachomoza ndani ya mvua.

"Mawe! Shikeni!"

Boti ilijikwaa. Injini ikalia kwa sauti ya juu bila kusukuma chochote, na Fundi akajua papo hapo kuwa pini ya propela imekatika. Aliinua injini, akang'oa msumari kwenye ubao wa kukalia kwa koleo na kuupenyeza mahali pa pini. Mwalimu alisukuma miamba kwa kasia hadi vidole vikachubuka. Injini iliposhika tena waliponea chupuchupu, wakarudi nyuma nje ya povu.

"Kinasema nyumbani ni mbele, kilomita moja na nusu," Mwalimu alisema. "Katikati ya mawe?"

Fundi aliitazama ile namba. Aliyajua haya mawe. Yalikuwa ya rasi iliyoukinga mji.

"Kaunta," alisema. "Alibonyeza kaunta, kikashika pale. Wifi, nimewapeleka dukani."

Akalia. Alilia kwa sauti, huku ameshika injini.

"Utalia gatini," Mwalimu alimwambia bila huruma. "Siku ile asubuhi tulipotoka dukani kwenda gatini na madumu ya petroli, jua lilitupiga wapi?"

"Usoni."

"Mashariki. Tulitembea muda gani?"

"Nusu saa. Kilomita mbili, hazizidi sana."

"Basi tuzunguke rasi. Tutafute mahali ambapo duka liko magharibi yetu, kilomita mbili. Hapo ndipo gati."

Wakatoka nje, wakaizunguka rasi. Mshale ulianza kugeuka taratibu. Mwalimu alibonyeza vitufe kwa vidole vyenye damu na mvua, na vilimtii kila mara.

"Mrefu, ongea na mimi," aliomba.

Mrefu alifungua jicho moja. "Dada," alisema polepole, "dukani tunanunua nini?"

Mwalimu alicheka na kulia pamoja. Baada ya hapo Mrefu hakusema tena.

Mshale ulipolala magharibi kabisa, namba ilionyesha mbili nukta moja, na nguzo za gati zikatokea mbele yao.

Hospitali waliuliza saa ya mkanda, wakajibiwa. Maisha ya Mrefu waliyaokoa. Mguu, kuanzia chini ya goti, ulishindikana, wakaukata. Dakika arobaini zilipotelea miambani; Fundi alizihesabu, na alijua kuwa mwalimu wa hesabu naye amezihesabu. Wifi yake hakuzitaja hata siku moja. Fundi angefurahi kama angetukanwa.

Siku ya kumi alikwenda dukani peke yake, akaweka kidude juu ya kaunta.

"Kimegoma?" muuza duka aliuliza.

Fundi alikiwasha. Nyumbani: mita tatu.

"Kizima," alisema. "Nimefuata kijitabu changu. Na nifundishe, kuanzia kuwasha."

Muuza duka alimvutia kigoda. Walipofika pale alipomkatiza siku ile, Fundi alimwomba arudie.