Mwanga Unaovuja

Ukurasa mwekundu ulipita. Wa kijani ukapita, wa bluu, mweupe. Kwenye ukurasa mweusi, kona ya chini kushoto ya skrini ilibaki na weupe hafifu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

Muuzaji aliinama. Dukani kwao kila skrini hupitishwa rangi hizo kabla ya kuuzwa, ili kasoro ionekane mapema. Weupe ule ulikuwa na mabega. Ukageuza kichwa, ukamtazama.

Akazima haraka.

"Vipi, wifi mtaalamu, ni nzima?" aliuliza mnunuzi, mke wa kaka yake, kutoka upande wa pili wa kaunta.

"Nzima. Mwanga wa nyuma unavuja kidogo pembeni. Skrini za bei ya kati ndivyo zilivyo. Kawaida tu."

Alikuwa ameisifia wiki nzima: inchi ishirini na saba, picha inayojichora upya mara mia na sitini na tano kwa sekunde, kioo kilichopakwa dawa kisirudishe sura ya anayekitazama. Angeanzaje sasa kusema ameona mtu?

"Kaka yako akinifunga tena kwenye gemu, nakurudishia wewe," wifi alicheka, akalikumbatia boksi.

Siku chache baadaye akapiga simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Wifi, ule mwanga wako umesogea. Uko katikati. Na chumba kinanuka nywele zilizoungua."

Muuzaji alihisi masikio yakimchoma. "Ingia kwenye menyu, upunguze mwangaza," alisema, akakata simu kabla hajaulizwa lingine.

Kisha kaka naye akapiga simu. "Njoo. Hali, halali, haniitikii."

Alimkuta wifi yake amekaa mbele ya skrini ambayo waya wake ulikuwa umeshachomolewa ukutani, na bado kioo kilikuwa na mwanga, na ndani ya mwanga ule lile umbo lilikuwa limekaa vilevile alivyokaa yeye, likipumua anapopumua, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba mganga waliyemwita, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alijifunika pua kwa mtandio kabla ya kusema chochote.

"Huyu hakuvunja mlango," mganga alinong'ona. "Yuko mtu alimwona, akamwambia mwenye nyumba kuwa si kitu. Hapo ndipo alipokaribishwa. Mtu huyo aseme kweli kwa mdomo wake, na huyu wa kwenye kioo atarudi alikotoka. Asiposema, atamwingia huyu mama moja kwa moja."

Kaka akatazama huku na huku. "Nani sasa? Humu tupo sisi tu."

Muuzaji alijua ni yeye. Neno moja tu lilihitajika. Lakini kaka yake alikuwa akimwangalia kwa imani ileile ya siku zote, na aibu ikamshinda.

"Mimi... niliona weupe," alisema. "Nilidhani ni mwanga."

Mdomo wa wifi ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, na ya upole.

"Mwongo. Tulitazamana."

Kaka aligeuka taratibu. Mganga naye akageuka. Wote wawili waliipa skrini mgongo, wakamtazama yeye, naye, akishindwa kuyatazama macho yao, akatazama nyuma yao. Kioo kilikuwa cheusi tii, kona zote nne, bila doa hata moja. Pembeni yake wifi alikuwa akiinuka kitini bila mlio, akitabasamu kama mtu aliyevaa nguo mpya akaona imemkaa vizuri.

"Kaka," muuzaji alinong'ona, "kaka, hayumo tena kwenye..."

"Nyamaza!" Machozi yalimlengalenga kaka. "Usiniambie kitu tena wewe."

Mkono wa mke wake ukatua begani kwake, naye akaushika, akaubusu.