Isale Kando ya Bomba

Siku Basili alipomchafua Nasrin ilikuwa Jumamosi, sokoni Kiboriloni, watu wamejaa hata pa kukanyaga hapana. Nasrin, aliyekuja Moshi kutoka Tanga majuzi tu kukaa na shangazi yake, alikuwa na dera jeupe na ushungi wa samawati, ameinama anachagua viatu vya mitumba. Mara mkono ukamvuta begani asigongwe na mkokoteni. Alipojitazama, vidole vitano vyeusi vilikuwa vinang'aa kwenye dera lake.

"We kaka, una wazimu? Masizi gani haya?"

"Si masizi, dada. Ni kinywe, madini ya betri za magari ya umeme."

"Kwani mimi gari?"

Basili alicheka hadi muuza viatu naye akacheka. Jumatatu yake Nasrin akaanza kazi maabara ya kiwanda kimoja nje ya mji, na nani anamletea sampuli? Yule yule mchafuzi! Alikuwa msimamizi wa kuosha kinywe. Unga ulioshwa kwa tindikali, kisha ukasuuzwa kwa maji mara tano. Nasrin aliuchoma tanuruni akapima majivu yaliyobaki, maana hayo ndiyo uchafu. Usafi ukiwa chini ya asilimia tisini na tisa nukta tisa tano, mnunuzi hachukui.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu ya maabara ikawa haipoi.

"Halo, Maabara! Unga wangu umeamkaje?"

"Tisini na tisa nukta tisa sita, Bwana Masizi. Umefaulu."

"Na mimi unanipenda asilimia ngapi?"

"Tisini na tisa nukta moja."

"Mama yangu! Hiyo hata betri ya tochi haiingii!"

"Kajisuuze kwanza, mpenzi."

Nasrin Mwislamu, Basili Mkatoliki wa Marangu. Walisema hayo watayamaliza wazee.

Kiangazi kikaja, maji yakapungua. Basili akasuuza mara tatu tu. Nasrin alipopima, moyo ukampasuka, akampigia.

"Huu umekwama. Nukta moja, na sasa sitanii."

"Andika umefaulu, mpenzi. Lori linakuja kesho, mchana huu huu nausuuza upya. Nakuapia."

Mapenzi bwana! Akaandika, akatia saini. Lori nalo likaja siku hiyo hiyo, kabla Basili hajafungulia maji. Mzigo ukarudishwa kutoka bandarini. Ofisini mkurugenzi akaiweka ile karatasi mezani, akauliza saini ni ya nani. Nasrin akamtazama Basili. Basili akatazama viatu vyake. Mwanaume mzima na ndevu zake, hakutoa hata kikohozi! Nasrin akafukuzwa kazi mchana huo.

Simu za Basili alipokea moja tu.

"Wa kuniita mpenzi mdomo ulikuwa nao. Wa kusema 'ni mimi', hukuwa nao? Usinipigie tena!" Akamfungia namba.

Wiki ya tatu baba mdogo wa Basili, Mzee Wenseslaus, alishuka kutoka Marangu. Mlangoni akamkabidhi shangazi, Bi Mwantumu, kichipukizi cha mmea, jani lake moja limefungwa fundo. Nasrin alikuwa chumbani analia.

"Nini hiki, shangazi?"

"Isale. Wachaga hulipanda mpakani na makaburini. Mwanangu, huyo amekuwekea mpaka. Amekuzika."

Nasrin akalirusha dirishani kwa hasira. Likaangukia kando ya bomba, penye maji yanayodondoka siku zote, likaota. Akawa analiona kila asubuhi akichota maji, na kila asubuhi linamuuma.

Miaka mitatu ikapita. Sikukuu ya Idi, Hilda, Mchaga aliyekuwa naye maabara, alikuja kumtembelea. Alikuwa ananawa mikono bombani akasita.

"Mwenzangu, nani alikuomba msamaha?"

"Msamaha gani tena?"

"Si hili isale? Jani la chini limekauka, lakini fundo lipo. Kwetu ukiletewa hili, hata kama mtu amekuulia mtoto, unasamehe. Halikataliwi." Hilda akamkazia macho. "Usiniambie ni Basili! Yule si alimwandikia mkurugenzi akakiri yote, akaacha kazi?"

Nasrin akaingia jikoni. Bi Mwantumu alikuwa anachambua mchele.

"Shangazi, ulijua?"

"Nimekaa Moshi miaka arobaini, nisijue isale? Hupandwa mpakani, hupandwa makaburini. Uongo uko wapi?"

"Na la msamaha?"

"Hilo lingekupeleka kanisani."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nasrin alilia hadi kifua kikamuuma.

Kesho yake akaling'oa isale na mizizi yake, akalitia kwenye kopo. Akavaa lile dera jeupe, kivuli cha vidole bado kipo begani, akapanda Marangu. Alimtaka Basili wake, basi.

Alimkuta kati ya migomba, anageuza kahawa juani.

"Nasrin?"

"Sikulikataa, Basili. Sikujua maana yake, wallahi sikujua. Leo nimekuletea mimi."

Basili akalipokea kopo kwa mikono miwili, machozi yakamlenga.

"Tulingoja jibu lako mwaka mzima. Mama alikuwa anatazama njia kila siku."

"Utanisamehe?"

"Isale halikataliwi. Nimekusamehe. Nisamehe na mimi."

"Nimekusamehe." Akangoja Basili aongeze neno. Aongeze moja tu.

Mlangoni akatokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Karibu, dada! Baba Ezra, mbona mgeni umemsimamisha?"

"Huyu ni Nasrin," Basili akasema taratibu. "Tulifanya kazi pamoja. Nasrin, huyu ni Salvina, mke wangu."

Salvina akaona kopo, uso ukachangamka.

"Jamani, umetuletea mbegu ya isale! Asante sana. Pale mpakani kwa jirani kuna pengo, litafaa kweli."

Nasrin akamtazama Basili. Basili akatazama viatu vyake.

Akasingizia gari litamwacha, hata maji hakunywa. Alipofika mpakani, Salvina alikuwa ameshaanza kuchimba shimo.