Jina Alilolificha Marsiana

Marsiana aliamka na uchovu wa jana ukiwa bado umo mabegani. Alishuka bondeni kuteka maji, akapanda na ndoo yake kichwani, akafagia uwanja, akawasha moto na kumwekea babu yake uji kwenye kikombe cha bati. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zake zote tangu wazazi wake walipohamia Lusahunga, baba akiziba matairi ya malori na mama akiwapikia madereva. Yeye alibaki Nyakisasa na babu, Mzee Gaspari, kwa kuwa alikuwa darasa la saba na hakuna aliyetaka ahame shule mwaka wa mtihani.

Lakini siku hiyo hakuchoshwa na ndoo wala ufagio. Alichoshwa na maneno aliyotumwa na mwalimu, maneno aliyokuwa ameyameza siku tatu nzima.

"Babu," alisema hatimaye, "Mwalimu Anneth anakuita shuleni. Leo ndiyo mwisho."

"Leo ndiyo mwisho, nami nasikia leo hii," babu alisema. "Ananiitia nini?"

"Mambo ya fomu za mtihani."

Babu aliutazama mguu wake wa kushoto, uliokuwa umevimba gotini tangu siku za kupalilia maharage. Akashusha pumzi. "Haya. Nipe fimbo yangu."

Tuseme ukweli, mtoto huyu alikuwa amejitafutia mwenyewe. Jina lake kamili lilikuwa Marsiana Fideli Nzikobanyanka. Fideli ni baba yake, na Nzikobanyanka ni jina la nyumbani la babu yake huyuhuyu, Mzee Gaspari. Kwa Kihangaza, lugha ya kwao, maana yake ni "najua wananichukia". Basi kila mwalimu alipoita mahudhurio, mvulana mmoja wa dawati la nyuma, Danstan, alijibu kwa sauti nyembamba, "Na kweli tunakuchukia," na darasa zima likaangua kicheko. Mwanzoni Marsiana alicheka nao. Baadaye akawa ananyamaza. Alipofika darasa la saba alikuwa amechoka, amechoka kabisa, hata akiitwa anaitika akiangalia sakafu.

Ndipo mwalimu alipowapa karatasi wajaze majina yao kwa ajili ya usajili wa mtihani. Marsiana aliandika Marsiana Fideli Ndayishimiye. Jina hilo alilijua tangu utotoni. Lilikuwa la mzee jirani aliyekwisha kufariki, na maana yake ni "ninamshukuru Mungu". Nani angelicheka jina kama hilo?

Mwalimu Anneth alipolinganisha karatasi na cheti cha kuzaliwa, aliona haviendani. Akamwita. "Nani amekubadilishia jina?"

Marsiana akasema la kwanza lililomjia mdomoni. "Babu, mwalimu. Amesema lile la zamani halitaki tena."

"Basi aje aniambie mwenyewe," mwalimu alisema. "Orodha inakwenda wilayani Alhamisi jioni. Siwezi kupeleka jina lisilolingana na cheti. Asipokuja, utabaki nje ya orodha, na bila orodha hakuna mtihani."

Leo ilikuwa Alhamisi. Walipanda kilima polepole, babu akiegemea fimbo, na mara tatu alilazimika kukaa chini kando ya njia na kulishika goti kwa mikono miwili. Kila alipokaa, Marsiana alifungua mdomo ili amwambie ukweli. Kila mara akaishia kumwuliza kama ana kiu.

Ofisini Mwalimu Anneth alikuwa amezungukwa na karatasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Naomba kwanza kiti, mguu huu unaniua."

Alipokwisha kukaa, mwalimu alichukua karatasi moja. "Mzee, nisikupotezee muda. Marsiana anasema wewe umeamua aache kuitwa Nzikobanyanka, aandikwe Ndayishimiye. Ni kweli?"

Babu alimgeukia mjukuu wake, akamtazama tu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomvunja Marsiana. Aliona wazi kwamba akinyamaza kidogo tu, huenda mzee angeubeba uongo ule kwa ajili yake, kama alivyoubeba mguu wake mbovu kilima kizima.

"Si kweli," Marsiana alisema, machozi yakimlengalenga. "Babu hakusema kitu. Nimedanganya mimi. Lile jina wananicheka nalo kila siku, mwalimu, nimechoka nalo."

Mwalimu aliiweka karatasi mezani, akajipangusa uso.

"Hata mimi niliwahi kulichoka," babu alisema. "Wewe hukuniuliza lilitoka wapi, na mimi sikukwambia. Hapo tumekosa sote. Keti."

Marsiana akaketi kwenye benchi.

"Kabla yangu, baba yangu alizika watoto watatu. Majirani wakaanza kusema nyumba yetu ina mkosi. Wakaacha kuja kulima naye, wakaacha kumsalimu. Huyo mtoto wa tatu, kaburi lake lilichimbwa na baba na mama peke yao. Kwetu mtu hakuwa anakwenda kugombana mlangoni kwa jirani. Alikuwa anangoja apate mtoto, halafu maneno yake anayaweka katika jina. Nilipozaliwa mimi, baba akaniita Nzikobanyanka. Kila jioni mama alipopaza sauti kuniita nirudishe mbuzi, kilima kizima kilisikia."

"Na wao wakafanya nini?" Mwalimu Anneth aliuliza. Kalamu yake alikuwa ameisahau mkononi.

"Walijifanya hawasikii. Ng'ambo ya migomba yetu alizaliwa mtoto mwaka uleule, wakamwita Ndayishimiye. Ni huyo ambaye Marsiana amechukua jina lake. Tulichunga pamoja, alikuwa rafiki yangu. Nilipofika miaka sita, baba yake alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi, akakaa uwanjani kwetu, akasema, 'Jirani, tumekusikia.' Maneno hayo tu. Baba alilia, mtu mzima yule. Tangu siku hiyo walilima pamoja mpaka uzee."

Mlango ukafunguliwa. Danstan aliingia na daftari la mahudhurio, akamwona Marsiana analia, na mazoea yakamponza. "Nzikobanyanka," alisema kwa ile sauti yake nyembamba, kisha akamwona mzee kwenye kiti, akasimama palepale.

"Ndiye mimi," babu alisema kwa upole. "Kijana, wewe unanichukia?"

Danstan aliinamisha kichwa. "Hapana, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Nakushukuru. Baba yangu alingoja miaka sita kusikia neno kama hilo."

Danstan aliweka daftari mezani taratibu, akamwambia Marsiana, "Nisamehe," akatoka kinyumenyume.

Mwalimu Anneth alivuta karatasi mpya, akaisogeza mbele ya Marsiana. "Adhabu yako tutaizungumza kesho, maana umemsingizia babu yako jambo ambalo hakulisema. Ulipochekwa ulitakiwa uje kwangu. Na mimi nilitakiwa nisikiache kile kicheko kipite, maana nilikisikia." Akaiweka kalamu juu ya karatasi. "Lakini shika hili, Marsiana. Jina lako la mwisho ni maneno ya mtu aliyeonewa, akakataa kupigana, akasema ukweli wake mpaka akasikilizwa. Usilifunike kwa uongo. Anayekucheka, mweleze maana yake, na kama hujui maana, uliza wazee wako wakiwa bado wapo."

Marsiana alichukua kalamu. Akaandika taratibu, herufi moja moja, majina yake yote matatu.

"Nisomee," babu alisema. "Mimi sijui kusoma."

Marsiana alisimama, akamsomea kwa sauti iliyosikika mpaka nje.