Mhimili Uliogeuzwa Kuni

Kila asubuhi Kabura aliwasha moto akiwa amefumba macho. Hakuhitaji kuona. Aliyajua mafiga matatu, aliijua sufuria, na alijua kwamba akithubutu kufumbua macho kabla kuni hazijashika, moshi ungemtoa machozi hadi afike shuleni. Jiko lao lilikuwa chumba cha peke yake, chenye kuta nne za mawe na mlango mmoja mwembamba. Halikuwa na dirisha. Babu yake, aliyelijenga miaka mingi iliyopita, aliamini kwamba dirisha la jikoni ni njia ya kuingizia baridi, na katika vilima vya Othaya baridi haihitaji kualikwa.

Mama yake alikuwa mchumaji wa majani chai. Aliondoka nyumbani ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba, akarudi jioni mgongo ukiwa umepinda kwa uzito wa kikapu. Baba alifanya kazi ya kuwabebea mizigo wapanda mlima huko Naro Moru, na alikuja nyumbani mara chache. Kwa hiyo kazi za jioni zilikuwa za Kabura: kuteka maji, kuokota kuni bondeni, kupika, na kumwogesha Mwai, ndugu yake mdogo. Kabura alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mara nyingi alisinzia mwiko ukiwa mkononi.

Mwezi wa Julai, baridi ilipozidi na kuni zikawa mbichi, kikohozi cha Mwai kilikataa kupona. Daktari wa zahanati alimpima kifua, kisha akamgeukia Mama.

"Dawa nitampa," alisema. "Lakini dawa haiwezi kushindana na moshi wa kila siku. Jikoni kwenu mna dirisha?"

Mama alitazama sakafu. "Hapana, daktari."

"Basi toboeni ukuta."

Ndipo Mzee Ngatia alipoitwa. Alikuwa fundi wa mawe, mrefu na mkimya, na Kabura alimwita Guka, kama ilivyo heshima kwa wazee wa rika la babu yake. Alifika siku ya Ijumaa. Kabura aliporudi kutoka shuleni alimkuta amechora mraba kwa makaa ukutani, mahali ambapo dirisha lingekuwa. Juu ya mraba huo alikuwa ametoboa matundu mawili na kupitisha humo magogo mawili mafupi, ncha moja ndani ya jiko na nyingine nje. Chini ya kila ncha alisimamisha mti mkavu wa mkaratusi, akaukaza kwa kabari. Miti hiyo minne ndiyo iliyokuwa mihimili ya kuubeba ukuta.

Griffins, mtoto wa jirani, alikuwa ameegemea ua akitazama.

"Ati Kabura," aliita, "wengine huziba ufa, ninyi mnautafuta?"

"Tunautengenezea moshi njia ya kuja kwenu," Kabura alimjibu.

Mzee Ngatia alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kabura alimpikia chai kwa vipande vya mbao ambavyo mzee alikuwa amevikata na kuviacha kando ya jiko. Alipomaliza kunywa, mzee alikusanya nyundo na tindo zake.

"Leo naishia hapa," alisema. "Kesho ndipo nitakapotoa mawe. Miti hii isiguswe."

Kabura alikuwa akipita na ndoo ya maji. Aliyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo tangazo linalowahusu wengine.

Jioni Mama alirudi, akaketi kizingitini bila kuvua mabuti. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Kabura, washa moto. Mtoto ana njaa."

"Mama, kuni..."

"Tumia miti ile iliyo kando ya jiko. Mzee Ngatia ameiacha." Kisha akafumba macho palepale alipoketi.

Kabura alijua vizuri kwamba Mama alikusudia vile vipande vya mbao. Alijua pia kwamba vilikuwa vimeisha. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Lakini angesema, Mama angeinuka na kwenda bondeni mwenyewe, na miguu ya Mama haikuwa na safari nyingine siku hiyo. Au angetumwa yeye, na miguu yake pia ilikuwa imechoka.

Aliingia jikoni akipapasa. Katika kona ya ndani, mbali na mlango, ulisimama mhimili mmoja, mkavu na mnyoofu. Aliusukuma ukuta kwa kiganja. Haukutikisika. Ukuta huu umesimama tangu kabla sijazaliwa, alijiambia. Hauwezi kuangushwa na mti mmoja. Aligonga kabari, ikalegea, na mti ukatoka bila ubishi. Mahali pake alileta nguzo kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya zizi la mbuzi, iliyoliwa na mchwa. Aliweka jiwe bapa chini yake ili ifike juu, akarudisha kabari. Katika giza la jiko lile, ilifanana na wenzake.

Moto wa jioni hiyo uliwaka vizuri kuliko moto wowote wa wiki nzima. Kabura aliupika ugali, lakini hakula mwingi.

Jumamosi asubuhi Mzee Ngatia alirudi. Mama hakwenda kuchuma chai. Alibaki ili asaidie kusomba mawe. Mzee aliitikisa mihimili ya nje, akachungulia ndani, akaugusa ule ulio karibu na mlango, akaridhika. Alianza kuchokonoa udongo ulioshikanisha mawe. Mwai alikuwa amemkaribia mno, akimtazama kwa mashaka.

"Guka, nyumba itaanguka?"

"Haitaanguka, mwanangu. Sasa hivi kila jiwe limekaa juu ya mwenzake, na hakuna linalohitaji msaada. Nikiyatoa haya ya chini, yale ya juu hayatakuwa na pa kukaa. Yatabebwa na miti hii mpaka niweke linta." Alinyoosha kidole kuelekea kwenye boriti ya zege iliyolala uani, ile ambayo ingekaa juu ya dirisha na kuubeba ukuta daima.

Kabura aligeuka akaitazama kona ya jiko. Jana ukuta haukutikisika kwa sababu haukuwa umeanza kuihitaji miti. Leo ungeihitaji.

"Na mti mmoja ukikosekana, Guka?" Kabura aliuliza.

"Basi mimi ndimi nitakayekuwa linta," alisema mzee, akacheka.

Alivuta jiwe la kwanza. Vumbi jembamba lilishuka kutoka juu kama unga unaochekechwa. Kisha akainama, akaingia jikoni ili alisukume jiwe la pili kutoka ndani. Mwai alimfuata. Kabura alisikia magoti ya mzee yakigusa sakafu, katika kona ileile.

"Guka, toka! Mtoe Mwai! Tokeni!"

Mzee Ngatia alitoka upesi akiwa amemkumbatia mtoto. "Kuna nini?"

Mama aliweka karai chini. Wote wawili walimtazama Kabura, na maneno aliyokuwa ameyaandaa usiku yakamtoka yenyewe.

"Mhimili wa kona ya ndani si ule wa jana. Mama aliniambia nitumie miti iliyo kando ya jiko."

"Mimi?" Mama aliuliza. Kisha akakumbuka. Uso wake uliochoka ulizidi kuzeeka. "Ni kweli," alisema polepole. "Nilisema hivyo. Nilikuwa nimechoka hata sikufikiri. Ee Mungu wangu, ningewaua?"

Kabura alikuwa ametarajia kukaripiwa. Hakuwa ametarajia jambo hili. Kumwona Mama akiubeba mzigo usiokuwa wake kulimuuma kuliko fimbo.

"Hapana, Mama," alisema. "Ulisema vile vipande vya mbao, na mimi nilijua. Vilikuwa vimeisha. Niliuchoma mhimili, nikaweka nguzo ya zizi la mbuzi ili msigundue. Nilichoka kwenda bondeni."

Mzee Ngatia alimkabidhi Mama mtoto. Kisha alilirudisha mahali pake jiwe alilolitoa, akalikaza. Ndipo akaingia jikoni peke yake, akaichoma ile nguzo kwa ncha ya tindo. Tindo ilizama kama kisu katika nduma iliyochemshwa. Alitoka, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifuta vumbi usoni kwa muda mrefu.

"Nenda kwa akina Griffins ukaombe mti mkavu," alisema hatimaye. "Uwaambie ni wa nini. Na uwaambie kwa nini unahitajika."

Safari hiyo ilikuwa fupi, lakini Kabura aliiona ndefu kuliko ya bondeni. Alieleza yote mbele ya mama yake Griffins. Griffins alisikiliza mpaka mwisho.

"Ati mmepika ugali kwa mhimili wa ukuta!" alisema. Alipoona macho ya Kabura yamejaa machozi, aliacha kucheka. Alienda nyuma ya ghala, akauvuta mti. "Shika upande ule. Huu nitaushika mimi."

Mhimili mpya ulisimamishwa, na mzee akaijaribu miti yote minne, mmoja baada ya mwingine, kwa nyundo. Kisha mawe yalianza kutoka. Hadi jioni linta ilikuwa imekaa mahali pake, na chini yake palikuwa na nafasi wazi iliyopitisha mwanga wa kijivu wa Julai hadi kwenye mafiga. Kuta za ndani zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Hakuna aliyewahi kuziona vizuri kabla ya hapo.

"Ndiyo hewa tuliyokuwa tukimpa mtoto," Mama alisema taratibu.

Zilifuata siku za kungoja saruji ya linta ishike vizuri. Kabura ndiye aliyepewa kazi ya kuinyunyizia maji asubuhi na jioni ili isipasuke, naye hakuisahau hata siku moja. Mzee Ngatia alipokuja kuiondoa mihimili, ukuta ulibaki kimya juu ya linta yake. Alitia fremu ya mbao, akaaga. Kikohozi cha Mwai hakikukoma siku hiyo wala wiki hiyo, bali kilipungua kidogo kidogo, hadi asubuhi moja Mama akagundua kwamba yeye amelala usiku kucha bila kuamshwa nacho.

Jioni moja Mama alirudi kutoka shambani na kuketi karibu na dirisha, moshi ukipita juu ya kichwa chake kuelekea nje. Alimwita Kabura akae kando yake.

"Mwanangu, kuchoka si kosa. Mimi huchoka, baba yako huchoka, na Mzee Ngatia pia huchoka. Lakini uchovu ukiufunika kwa udanganyifu, udanganyifu huo hukaa kimya mpaka mtu mwingine auegemee, na mara nyingi mtu huyo hana habari. Wewe ulisema kweli ukiwa umechelewa, lakini ulisema kabla jiwe halijaanguka. Nakushukuru kwa hilo. Siku nyingine usiningojeshe. Ukichoka, niambie. Tutakula viazi vya jana, vikiwa baridi, na tutaamka sote."

Kabura aliitazama ndoo tupu, kisha akautazama mlima wa vyombo visivyooshwa.

"Mama," alisema, "leo nimechoka."

Mama aliinuka taratibu, akashika kiuno, akachukua ndoo.

"Basi wewe keti na Mwai," alisema. "Vyombo tutaviosha pamoja nikirudi."