Karibu ya Mlango wa Uani

Mto wa kulalia ulikuwa na joto. Rozalia aliondoa mkono, akaurudisha. Joto lile lile, kana kwamba mtu ameamka sasa hivi, ilhali mwenye nyumba alikuwa amemwambia chumba hakijalaliwa tangu Ramadhani.

Akatandika tu. Mwenye njaa hana miiko, na aliyekosa pa kulala hali kadhalika. Tangu avuke Ruvuma kutoka Msumbiji alikuwa amezunguka Mtwara nzima pamoja na mwanawe Esta, mtoto anayepofuka, ambaye kesho yake alitakiwa mbele ya madaktari wa macho. Gesti zilijaa wanunuzi wa korosho. Palipobaki nafasi, wenye gesti wakisikia lafudhi yake walisema hawataki kesi na uhamiaji.

"Dada, nina mtoto. Hata kibarazani tutalala," alibembeleza kila mlango mpaka sauti ikamkauka.

Ni Bibi Shehnaz tu, mjane mwenye duka Mikindani, aliyemwonea huruma, akampa chumba cha nyuma ya duka.

"Lala bure, mwanangu. Ila ukisikia hodi mlango wa uani, usiitikie. Uani kule hakuna njia ya kuingilia mtu."

Alasiri mvua ikashuka. Esta alikuwa amesinzia. Harufu ya udi ikapenya chini ya mlango, kisha ikaja hodi, ya kike, ya kinyonge. Rozalia akakaza midomo.

"Hodi, dada. Nina mtoto. Hata kibarazani tutalala."

Maneno yake mwenyewe! Alijua, jamani, alijua kabisa kwamba kule hakuna pa kupita mtu, na nywele zilimsimama, lakini kukataliwa tangu asubuhi kulikuwa bado kunamuuma, na huko nje mtoto akaanza kulia kilio chembamba cha njaa, kikapanda, kikazidi kupanda, mpaka neno likamponyoka kabla akili haijalizuia: "Karibu."

Kilio kikakatika. Mlango haukufunguka. Aliyeinuka ni Esta, akaketi kitandani, akacheka kwa sauti ya mtu mzima.

Shehnaz alimwita Mwalimu Omari, mtoa majini. Alisoma, akapuliza, akalowa jasho. "Mtoke mtoto huyu!"

"Nitoke niende wapi?" kinywa cha Esta kikajibu. "Nimepiga hodi, nimekaribishwa. Nyinyi mnamtoa mgeni mvuani?"

Mwalimu akafunga kitabu chake. "Aliyevamia namtoa," akanong'ona. "Aliyekaribishwa simwezi."

Shehnaz alilia, lakini aliwafungulia mlango wa barabarani. "Nisamehe, mwanangu. Nina wajukuu humu."

Wakajibanza chini ya bati la kituo cha basi, mvua ikiwarushia matope. Rozalia akamkumbatia mwanawe, akimwita kwa Kimakonde, akiomba ishara moja tu kwamba bado yumo. Mwishowe ikatoka sauti ya Esta mwenyewe, ndogo, ya mbali.

"Mama, humu ndani hatuenei wawili. Anasema nihame mimi."