Kicheko cha Ida

Mzee Dibady alikuwa amelala chali kando ya kinu chake, midomo imetapakaa unga wa mzizi wa iboga.

"Kajimaliza kwa dawa yake mwenyewe," alisema Koplo Nziengui. "Akizidisha mtu, moyo husimama."

Inspekta Clémence Ilama alimsogelea marehemu. Alivaa glavu, akachuchumaa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na watu wa kijiji walikuwa wameshajaa nje ya banda la tambiko, wanawake wakilia kwa sauti. Hapakuwa na nyumba karibu na mji wa Mouila isiyomjua mzee huyu. Wenye maumivu ya mgongo yaliyokataa vidonge walikuja kwake. Wenye sonona iliyowashinda madaktari waliletwa wameshikwa mikono. Aliwapa maganda ya mzizi, wakaona wafu wao, wakalia, wakarudi makwao kwa miguu yao wenyewe.

"Koplo, umewahi kula iboga?"

"Mara moja tu, nilipoingizwa kwenye dini ya Bwiti. Chungu kuliko nyongo! Ulimi unakufa ganzi, unga unakwama kooni siku nzima."

"Basi njoo utazame." Alifungua kinywa cha maiti kwa vidole viwili. "Midomo imejaa unga. Ulimi msafi. Koo safi. Huyu hakumeza kitu. Kapakwa akiwa ameshakufa."

Daktari wa polisi alithibitisha kabla ya adhuhuri. Marehemu alikabwa koo, alfajiri. Chini ya kucha zake mlikuwa na ngozi ya mtu, pamoja na vumbi la mbao lenye rangi ya waridi.

"Mti wa okoumé," alisema Nziengui, akilitazama kwenye karatasi.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Mbadinga, mganga wa ng'ambo ya mto, maana kijiji kizima kilikuwa kimeshamtaja.

"Ulimchukia marehemu?"

"Sana," alijibu Mbadinga bila kupepesa. "Wagonjwa wangu wote walihamia kwake. Hata mke wangu alipoumwa mgongo alikwenda kwake kwa siri. Mke wangu, Mama Inspekta! Na akapona. Hapo ndipo paliponiuma."

"Ukamwua?"

"Nimwue, halafu nimwonee nani kijicho? Nilitaka aishi sana, aone siku nitakayompita."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kanisani, kwenye kwaya. Muulize padri. Sauti yangu ni mbovu, hawezi kuisahau."

Alikunja mikono ya shati bila kuombwa. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Wiki hii Dibady alikuwa akimtibu nani?" Ilama aliuliza.

"Ida. Mke wa Mouketou."

"Mouketou yupi?"

"Seremala."

Walimkuta Ida chini ya upenu wa nyumba yake, akimenya mihogo ya kupeleka msibani. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta. Ilama alimfahamu kwa sura tu. Miaka mitatu alikuwa akimwona sokoni akiburutwa na mumewe, macho makavu kama ya samaki wa kukaushwa. Sasa alikuwa analia kama binadamu. Inspekta alihisi kijiwivu kikimchoma: mama yake mwenyewe alikufa na sonona hiyohiyo, wala hakupatikana wa kumpeleka kwa Dibady.

Pascal Mouketou alikuwa karakanani, vumbi la waridi limemfika magotini. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, lakini shati lake la mikono mirefu lilifungwa vifungo mpaka kwenye viganja.

"Mkeo amepona," alianza Ilama.

"Amepona." Neno lilitoka kama msumari unaong'olewa.

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi."

"Kunja mikono ya shati, bwana Mouketou."

Hakukunja. Alitazama nje, kule uani. "Mwone anavyomlilia," alisema polepole. "Yvan wetu alipozama mtoni, mtoto wa miaka sita, mama yake hakutoa chozi. Anamlilia yule."

"Kunja."

Alikunja. Mikwaruzo minne mibichi ilishuka kutoka kwenye kiwiko.

"Miaka mitatu, Mama Inspekta. Nilimwogesha. Nilimlisha kwa kijiko. Nikajifunza kusuka nywele, mimi mwanamume, marafiki wakiniita mama Ida. Hakuniangalia hata siku moja. Yule mzee alikaa naye siku tatu. Tatu! Ya nne nikaenda kumchukua, nikamkuta anacheka. Kicheko kile kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyekingoja."

"Mtu hauawi kwa kicheko."

"Ida aliongea na mtoto!" Sauti ilimpasuka. "Kule kwenye dawa alimwona Yvan wakaongea. Nikamuuliza, mwanangu kasema nini? Akanijibu, hayo ameyashika Mzee. Mwanangu mimi, maneno yake yashikwe na mwanamume mwingine! Leo alfajiri nilikwenda kumwomba. Nilipiga magoti. Akasema, subiri. Akaniambia subiri, kama mpita njia aliyeomba maji. Nilipopata akili alikuwa ameshalegea mikononi mwangu. Unga nilimpaka kwa woga."

Nziengui alitoa pingu.

Ida alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha mihogo bado mkononi. Haikujulikana amesikia tangu wapi.

"Mgonjwa hasemi aliyoyaona mpaka siku ya saba," alisema. "Mzee alinifunga mdomo ili dawa ishike. Siku ya saba ni kesho, Pascal. Alitaka ukae mbele ya watu wote, uambiwe kwa heshima. Maneno hayakuwa yangu wala yake. Mtoto aliyatuma kwako wewe."

Mouketou alimwendea, Nziengui akamshika mkono.

"Alisema nini?" aliuliza. "Ida. Mama Yvan. Nakuomba. Alisema nini?"

Mkewe alimtazama, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, machoni hasa.

"Muulize Mzee," alisema.