Hodi ya Tatu

Saa nne kamili asubuhi Mwelekezi aliamka, na mji mzima wa Tabora ukaongeza mwendo. Alikuwa mtambo mmoja tu, mkubwa kama kabati la nguo, lakini kila ujumbe wa mji ulipita kwake. Ujumbe ulikatwa vipande, kila kipande kikabandikwa anwani ya kilikokuwa kikienda, naye akakichagulia njia iliyo wazi kuliko zote. Magari ya angani yakaacha kusubiriana. Madaktari wakapasua wagonjwa walio mbali bila mkono wa roboti kusita. Wageni ukumbini wakapiga makofi, na Mhandisi Kalunde Mayunga aliyeuunda mtambo huo akayapokea kwa kichwa kilichoinuka.

Alichojivunia zaidi ni sheria ya hodi. Mtandao hukibishia hodi kila chombo: upo? Kikijibu, kinabaki na anwani yake. Kikikosa kujibu hodi ya tatu, anwani hunyang'anywa ikapewa chombo kingine. Sheria hiyo hakuisoma popote. Alifundishwa akiwa na miaka sita, mlangoni kwa Mama Siwema, jirani yao wa mtaa wa Cheyo: "Piga tatu, mwanangu. Ukikosa jibu, geuka. Usichungulie ya watu."

Kwenye kioo, chini ya neno HAWAPO, yalitokea majina sita. La nne lilisomeka: pafu bandia, Siwema Kasele, Cheyo.

"Mkurugenzi, njoo uone," Kalunde aliita.

Mkurugenzi Msabaha aliinama, akacheka. "Sita kati ya milioni mbili! Bibi huyo katoka."

"Katoka, pafu kaliacha nyumbani?"

Kicheko kikakatika. Kalunde alikwisha kuliona kosa. Mtandao wa zamani ulingoja jibu sekunde nzima. Mwelekezi alingoja sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pafu lile kuukuu, kama vyombo vile vitano vingine vya wagonjwa, lilikuwa limejibu, ila jibu lilikuwa bado njiani. Sasa halikupata tena mapigo ya pumzi kutoka hospitali, na akiba yake ilikuwa ya dakika ishirini. Kumpigia simu haikuwezekana, kwani simu yake ilitumia anwani hiyohiyo.

"Tumzime Mwelekezi," Msabaha alisema.

"Kuna watu wako wazi matumbo chini ya roboti sasa hivi. Tuma vijana kwenye nyumba tano. Ya sita ni yangu."

Alikimbia dakika kumi na nne, viatu mkononi.

"Hodi!" Kimya. "Hodi, Mama!" Kimya. "Hodi!"

Malezi yake yote yakamwambia ageuke. Akausukuma mlango kwa bega.

Mama Siwema alikuwa kitini, midomo imepauka, mkono mmoja juu.

"Nilikuwa... naitika," alisema. "Hukunipa... nafasi."

Kalunde alivua bangili yake ya mtandao, akalipatia pafu anwani yake mwenyewe. Pafu likalia mara moja, likaanza kuvuta. Rangi ikarudi taratibu usoni mwa mzee.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kugeuka, Mama."

"Nilikufundisha kutochungulia. Usipoitikiwa, unamuuliza jirani. Hilo ulilisahau wapi, mhandisi mzima?"

"Nilikuwa na haraka."

"Naona. Mlango utanitengenezea."

"Kesho, Mama. Na sheria leo hii. Kuanzia leo Mwelekezi atabisha hodi, atangoja, kisha atauliza majirani."

Aliyasema hayo kwa uhakika, maana kazi aliijua.

Alipofika makao makuu, lango halikumtambua. Hakuwa na anwani. Kwa mtandao, Kalunde Mayunga hakuwapo duniani. Akagonga chuma kwa ngumi mpaka Msabaha akaja kufungua mwenyewe.

"Mama Siwema?"

"Mzima, na ananitukana. Na wale watano?"

"Wanne wazima."

"Na wa tano?"

Msabaha aliangalia chini. Ukumbini wageni walikuwa wakipiga makofi tena.

Kalunde hakuuliza tena, wala hakugeuka. Alisimama pale langoni, akangoja jibu.